Mume na Mke wa Virginia

Shatha hakuweza kukaa. Wazazi walikuwa wamekwisha kujaa safu za mbele za ukumbi mdogo wa skuli, wanafunzi nyuma yao, naye alikuwa akienda na kurudi pembeni mwa jukwaa, akiisokota ncha ya shela yake.

"Barabara zimekwenda wapi?" aliuliza Ustadhi Wael, mwalimu wao wa historia ya Marekani, akitazama picha zilizopangwa kwenye kompyuta. Muhula mzima Shatha alikuwa akitayarisha habari za barabara kuu walizojenga Wamarekani baada ya vita.

"Nimebadilisha mada, ustadhi. Bado ni baada ya vita."

Mwalimu alimtazama kidogo, akamwachia. Lilikuwa darasa la juu, la wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa vyuo vya nje, na Shatha hakuwahi kumwangusha.

Katikati ya ukumbi alikaa Bashayer. Kabla ya Ramadhani wasichana hawa wawili walikuwa hawaachani. Walikuwa wakiitana wifi kwa mzaha, kwa kuwa Ghaith, kaka yake Shatha, alitaka kumuoa Sabah, dada yake Bashayer. Kisha posa ikavunjika. Mama yake Shatha, Bi Muhsina, aliyebaki kuwa mkubwa wa nyumba tangu baba yao afariki, alikwenda Al Khoudh kwa kina Sabah kumaliza maneno. Alirudi mapema kuliko walivyomtarajia. Alivua buibui, akakaa, akasema, "Imeshindikana. Nnaumwa na kichwa, msiniulize."

Shatha hakuwa na haja ya kuuliza. Kina Bashayer walikuwa na jumba lenye bustani, na Kiarabu chao hakikuwa na lafudhi ya Unguja ndani yake. Yeye, ambaye babu zake walirudi nchi hii ya Waarabu kutoka Unguja, alikuwa akiitwa Zinjibari tangu darasa la kwanza, na alijua watu hulitamka vipi neno lile wanapotaka lichome. Ghaith alihama nyumba yao ya Mabela, akaenda kukaa Darsait kwa rafiki yake, na simu za mama yake alikuwa hazipokei. "Moyo umemuuma, mwacheni," mama alisema. Bashayer naye akahama meza darasani bila kutamka neno. Hapo Shatha akawa na hakika kuwa kina Bashayer ndio waliokataa, na tangu siku ile hakulala vizuri.

Taa zikapunguzwa. Kwenye ukuta ikatokea picha ya nyumba ya mbao.

Alieleza habari ya mume mweupe na mke mweusi wa jimbo la Virginia. Walikwenda kuoana Washington kwa sababu sheria ya kwao ilikataza ndoa ya namna hiyo. Waliporudi, polisi waliwaingilia chumbani wamelala, na cheti chao cha ndoa kimetundikwa ukutani. Hakimu aliwapa hiari ya jela au kuhama jimbo.

"Nchi hiyo ilikuwa imetoka kupigana na Hitler," alisema Shatha. "Na waliotunga sheria ile hawakuwa wahuni. Walikuwa watu wa heshima, watu wa ibada. Walijiona wao ndio wenye haki ya kusema nani anafaa kumuoa nani."

Maneno hayo aliyasema akimkabili Bashayer. Lakini Bashayer hakumtazama. Alikuwa akitazama safu ya mbele, kwenye kisogo cha Bi Muhsina, na Shatha akaona huo ni ujasiri uliopita kiasi, kumkodolea macho mama wa watu baada ya yote yale. Bi Muhsina alikuwa akitafuta kitu mkobani. Aliufunga, akaufungua tena.

Watu walipiga makofi. Ustadhi Wael alisimama na swali. "Mahakama Kuu iliifuta sheria hiyo mwaka 1967. Unadhani na nyoyo za watu zilibadilika siku hiyo?"

"Hapana," alijibu Shatha. "Watu kama wale wapo mpaka leo. Wengine wamo humu ndani."

Bi Muhsina aliinuka, akamnong'oneza mama aliyekaa naye kwamba joto limemzidi, akatoka, na kiyoyozi kilikuwa kikivuma mpaka watu wamejikunyata. Punde Bashayer naye akatoka kwa mlango wa nyuma.

Shatha alidhani sasa roho yake ingetulia. Haikutulia. Aliteremka jukwaani huku mwalimu bado akimshukuru, akapita katikati ya watu, akamfuata Bashayer.

Alimkuta kwenye ujia, kwenye bomba la maji ya kunywa, amejiinamia.

"Umesikia?" alimwambia kwa Kiarabu. "Nenda kamwambie na baba yako. Mwambie kaka yangu hali, halali, amekonda kama mgonjwa, na yeye ndiye sababu."

Bashayer alijifuta mdomo kwa kiganja. Macho yalikuwa mekundu, lakini hasira hakuwa nayo.

"Nilidhani unajua," alisema. "Miezi yote hii nilidhani unajua, na leo nikadhani unamsema yeye."

"Namsema nani?"

"Baba alikubali tangu siku ya kwanza, Shatha. Mama yako ndiye aliyekuja akakaa sebuleni kwetu, akamwambia mama yangu kwamba mwanawe haoi kwa watu wasio na asili, wasio na kabila la kujulikana. Sabah alikuwa amesimama mlangoni, dele la kahawa mkononi."