Mapigo ya Kurudi Nyuma

"Msaliti!" Maroa alifoka, akatema mate karibu na miguu ya mzee Machuki. "Vijana themanini walikuwa wamefika mtoni. Themanini! Na wewe ukawapigia mapigo ya kurudi nyuma!"

Iritongo, baraza la ukoo, lilikuwa limejaa tangu asubuhi. Ng'ombe tisa wa Maroa walikuwa wameibwa na watu wa ng'ambo, na jana vijana walikwenda kuwarudisha kwa mishale na mapanga. Kule bondeni simu haishiki mtandao. Kwa hiyo walifuata ngoma ya vita iliyopigwa kilimani, kama babu zao. Ngoma ikisema shambulia, wanashambulia. Ikisema rudi, wanarudi bila kuuliza, hata kama adui amewapa mgongo.

"Wanatucheka," alisema Cliff, mwana wa Maroa. "Jana jioni walitupigia miluzi. Eti tumerudi nyumbani kuchukua sketi zetu?"

Mzee Machuki alikaa juani, mikono yake iliyovimba ikiwa juu ya magoti. Edith, jirani yake, aliinuka, akamwekea kikombe cha uji pembeni, akamsogezea kigoda hadi kwenye kivuli. Kisha akarudi kukaa na wanawake wenzake. Mwanawe alikuwa mmoja wa wale waliorudi.

"Amewaonea huruma wakwe zake!" sauti ilitoka nyuma. "Si binti yake ameolewa huko huko?"

"Ndiyo! Damu ya wajukuu wake ni tamu kuliko ng'ombe wetu!"

Mzee Wangwe, mwenyekiti wa baraza, aliinua fimbo yake mpaka watu wakanyamaza.

"Machuki, jitetee. Labda vijana walisikia vibaya. Upepo ulikuwa unavuma kutoka ng'ambo."

"Walisikia vizuri!" Maroa aliruka. "Mapigo yale baba yake alimfundisha yeye peke yake. Na yeye hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumrithisha. Nani mwingine angeyapiga? Mbuzi?"

Watu walicheka, lakini hakukuwa na furaha katika kicheko kile.

"Machuki," Wangwe alisema polepole, "sema neno moja tu. Ulikuwa ni wewe?"

Mzee alimtazama Edith, kisha akawatazama vijana waliosimama wazima, wamemkunjia ngumi.

"Mnataka mtu wa kulaumu," alijibu kwa ukali. "Nilaumuni mimi. Na mnitoke machoni."

Basi wakamhukumu. Ngoma iliyopigwa na familia yake kwa vizazi vinne ikachukuliwa. Tangu siku hiyo hakuna wa kumsalimia, na akifa hakuna wa kumchimbia kaburi. Maroa alipopita alikipiga teke kile kikombe cha uji.

Mzee alitembea peke yake hadi nyumbani. Akafunga mlango, akatoa simu, akampigia binti yake. Ilipokelewa haraka, kwa mnong'ono.

"Bhoke," alisema kwa hasira, "mimi nilikuwa nawapigia washambulie. Na wewe huko ng'ambo, mkono wako wa kushoto bado unachelewa, kama siku zile nilipokuwa nakufundisha."