Ndoo ya Wifi

Wiki ya tatu tangu Hidaya atolewe kizazi kwa saratani iliyowahiwa mapema, wifi yake Chausiku alikuwa bado anamtekea maji. Chausiku mwenyewe alipasuliwa kwa ugonjwa huohuo miaka sita nyuma, kutoka kitovuni mpaka chini, na wakati ule Hidaya hakumtekea hata kata moja.

"Leo nikuoshe mgongo," Chausiku alisema, akatua ndoo.

Hidaya akaikaza kanga kifuani. "Nitaoga mwenyewe, wifi. Mshono bado unauma."

"Tuna mshono mmoja, mimi na wewe. Mimi ndiye wa kunionea haya?"

Akaifungua kanga kwa upole. Tumboni palikuwa na vidoa vinne tu, kila kimoja kama punje ya choroko, vyote vimepona.

"Siku hizi hawapasui tumbo, wanapitisha vyuma kwenye matundu madogo," Hidaya alisema, macho chini. "Ukishaondoka, huwa ninafagia hadi uani."

Chausiku alimmiminia maji mgongoni taratibu, mpaka yakaisha. Kisha akaokota ndoo, akashika njia ya kisimani, mkono mmoja ukiwa tumboni, chini ya kitovu, kama alivyozoea.