Katoto Kabaya

Hapo nyuma sarafu ya mtandaoni ya kila mtoto anayezaliwa ilizinduliwa kwa ahadi za wazazi wake. Ikaja fasheni ya kuigawa bure kwa majirani. Siku hizi wanunuzi hawataki maneno. Wanataka kumwona mtoto mwenyewe, mubashara, siku ya arobaini yake. Sarafu isiponunuliwa, mtoto hana shule wala kitanda cha hospitali.

Basi Somoe akampaka mwanawe mafuta, akamlaza mbele ya kamera. Mumewe, Chande, akaikodolea macho bei. Ilikuwa inapanda vizuri mpaka mama yake Chande, Bi Fatu, alipoingia kumtazama mjukuu.

"Yarabi, katoto kabaya haka!" akasema kwa furaha. "Kabaya kama nini!"

Ndivyo walivyokingwa watoto wote wa ukoo ule na jicho la hasidi. Lakini wanunuzi walikuwa watu wa mbali; walisikia bibi amemkataa mjukuu, wakauza. Bei ikaporomoka.

"Mama, umeniulia mtoto!" Chande akafoka. "Msifu! Sasa hivi, wanasikia!"

Bi Fatu akamwinamia mtoto. "Mzuri," akasema. "Ana macho mazuri. Ana afya." Akataka kuongeza mashaallah, Chande akamziba mdomo, asije akaharibu tena.

Bei ikapanda, na watazamaji wakaongezeka. Somoe, aliyekuwa akiyacheka siku zote mambo ya jicho la hasidi, akavuta kanga amfunike mwanawe.

Chande akaishika kanga. "Usimfunike," akasema. "Ndiyo kwanza wameanza kumtazama."