Msimguse Mgonjwa

Mafunzo ya huduma ya kwanza yalifanyika katika ukumbi wa soko. Bi Tunu, mshona mapazia, alipiga magoti mbele ya mwanasesere wa mpira aliyelazwa sakafuni, akaweka viganja viwili katikati ya kifua chake kama walivyoelekezwa.

"Kandamiza kwa nguvu, mama. Usimwonee huruma," alisema Salome, muuguzi aliyekuwa akiwafundisha.

Bi Tunu akakandamiza. Muda si muda hakumwona tena mwanasesere. Alimwona Shebe, mumewe, aliyeanguka sebuleni mwaka juzi. Siku ile alimpepea kwa upindo wa kanga na kumwita jina, akamwita na kumwita, hadi jirani alipokuja kumfumba macho.

Mashine ya kushtua moyo, iliyounganishwa na mwanasesere kwa ajili ya mazoezi, ikasema, "Msimguse mgonjwa."

Wenzake wakarudi nyuma. Bi Tunu hakuinua mikono.

"Mwachie kidogo tu, mama," Salome alisema. "Ukimshika, mashine haiwezi kumsaidia."

"Nikimwachia, atarudi?"

Salome alipiga magoti upande wa pili. "Wengine hurudi, mama. Si wote."

Bi Tunu akainua mikono, akaishikilia hewani juu ya kifua kile. Mashine ikalia, kisha ikaamuru waendelee. Akashusha viganja, akaanza upya. Zamu yake ilikuwa imekwisha kitambo, lakini kwenye foleni hakuna aliyedai yake.