Inatema Maji?

Mashua ya matanga ya marehemu mumewe ilikuwa imeshauzwa, na Bi Zawena alikuja gatini kuiaga tu. Haroub, aliyeinunua, alishuka ndani akawasha injini. Kwa mazoea, Bi Zawena akasogea penye tezi, upande wa nyuma wa mashua, akainama kutazama bomba la moshi. Moshi ulikuwa mkavu.

"Zima, mwanangu," akasema. "Haitemi. Injini hii huvuta maji ya bahari yaipoze, kisha huyatema pamoja na moshi. Yasipopita, mpira wa bomba utaungua. Fungua koki iliyo chini ya ngazi."

Haroub akafungua, akawasha tena. Bomba likakohoa, kisha maji yakaruka pamoja na moshi, pwa, pwa, pwa.

"Inatema, mama?" akauliza kutoka ndani.

Ndivyo mumewe alivyokuwa akiuliza kila walipotoka, akiwa palepale, naye akimjibu kabla swali halijaisha. Mbao za mashua zilikuwa zimeifanya sauti ya Haroub iwe nzito kama ile.

Maji ya vuguvugu yalimrukia miguuni. Bi Zawena alifumba macho, akanyamaza, ili aulizwe tena.