Kifimbo cha Mashindano

Nguruwe wa Kenzie aligoma kupanda lori. Maonyesho ya mifugo ya vijana yalikuwa yamekwisha, utepe wake wa ushindi ukining'inia bandani, na nguruwe wote walioshindanishwa walikuwa wanapelekwa machinjioni, kama kila mwaka.

Wanaume wawili walimsukuma kwa mbao. Wa tatu akamchoma kwa fimbo ya umeme, naye akapiga yowe kama mtoto.

"Mwacheni!" Kenzie akaruka ua.

"Rudi kwenye gari, mwanangu," baba akasema. "Si tulikubaliana?"

Hakurudi. Alichukua kifimbo chake cha mashindano, kile cha kumwongozea nguruwe mbele ya jaji, akamgusa chini ya taya, taratibu, kama alivyomzoesha jioni zote za kiangazi. Yowe likakatika. Kichwa kikainuka. Wakapanda pamoja kwa madaha, kana kwamba jaji bado anawatazama.

Kule juu nguruwe akaichomeka pua mfukoni mwa Kenzie, akitafuta biskuti. Pua ilikuwa na unyevu, na joto.

Mfuko ulikuwa mtupu.

"Huyu kafunzwa, bwana!" dereva akacheka. "Binti, usiende na hicho kifimbo. Tupandishie na hawa wengine."

Nje ya ua, vijana wenzake walisimama na nguruwe wao, wakimtazama.