Nafasi Zisizotakiwa

"Mama anasemaje leo?" bosi aliuliza.

Fagio aliitupia simu jicho, akatabasamu peke yake, akairudisha mfukoni. "Yale yale ya jana."

Tangu mama augue, Fagio hakugusa kazi kabla ya meseji yake. Dada yake akishatoka asubuhi, mama hubaki peke yake nyumbani, na meseji hiyo ndiyo iliyomhakikishia mwanawe kwamba yu mzima.

Jina la Fagio alipewa ofisini kwa kutovumilia uchafu kwenye programu. Kampuni yao iliendesha tovuti ya kutumiana meseji, na wateja walikuwa wamekuja juu: wanaletewa meseji tupu. Fagio alizichunguza, akagundua kwamba tupu hazikuwa. Zilibeba nafasi, ule uwazi unaotenganisha neno na neno. Mtu akigusa kibodi vibaya, nafasi inasafiri kama ujumbe halali.

"Ondoa takataka hizo," bosi alisema. "Nani mwenye akili timamu anatuma hewa?"

Fagio aliandika agizo fupi: kila meseji ikatwe nafasi za mwanzoni na mwishoni, isipobaki kitu, isiende. Akamwekea mtumaji na onyo la adabu, maneno mawili tu, ambayo aliyaonea fahari kidogo. Akalijaribu, likakubali. Jioni akaliingiza kwenye tovuti, akaenda kulala usingizi wa pono.

Asubuhi, ofisini, simu ilikaa kimya.

Aliikagua. Akaizima, akaiwasha. Chai ikapoa mezani. Kumpigia hakukuwa na maana, kauli ilishampotea, na dada naye alishafika kazini.

"Labda kapitiwa na usingizi," bosi alisema.

"Mama? Huyo hapitiwi."

Akatoka mbio, koti likabaki kitini. Njia nzima alikuwa akitafuta namna ya kumwambia dada yake, na hakuipata. Alipofika, alilikosa tundu la ufunguo mara mbili. Alikuwa ameshaanza kulia.

Mama alikuwa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, mzima, kafura kwa hasira. Kwa mkono mmoja uliosazwa na kiharusi, mkavu kama mwiko, alikuwa akivigonga vile vitufe viwili vikubwa, pekee alivyoweza kuvilenga: cha nafasi, kisha cha kutuma. Na kila alipogonga, kioo kilimjibu kwa adabu, kwa maneno ya mwanawe mwenyewe:

"Hujasema kitu."